Kwa Nini Jiko la Makaa Halikuamshi: Maswali Kuhusu Pumzi

Nimehamia Pipeline kutoka Mombasa. Nikifika ghorofa ya nne nahema kama nimefukuzwa. Je, Nairobi ina upungufu wa oksijeni?

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa huku kama ilivyo huko Likoni. Kilichopungua ni shinikizo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Mwili utazoea: utapumua zaidi, na figo zitaagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Hilo huchukua wiki kadhaa. Ila ukihema hata ukiwa umekaa, usisingizie mlima. Nenda kliniki.

Oksijeni inavukaje kutoka mapafuni hadi kwenye damu?

Mapafu hayana msuli wa kujitanua. Kazi hiyo hufanywa hasa na diaframu, msuli ulio chini ya mbavu: ukikaza, unashuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Mwisho wa safari yake ni vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni, vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu hapo haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita.

Hakuna anayeisukuma oksijeni. Vitunguu vikikaangwa kwa jirani, harufu inafika kwako bila kubebwa na mtu; gesi nazo hutoka zilikojaa zikaelekea zilikopungua. Oksijeni inaingia kwenye damu na kushikwa na himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayoibeba; kaboni dioksidi inatoka. Ukiwa umetulia, damu hupita hapo kwa chini ya sekunde moja, na muda huo unatosha.

Nikibana pumzi, kinachonishinda ni kukosa oksijeni?

Wengi wetu tulidhani hivyo. Kinachokushinda hasa ni kaboni dioksidi inayorundikana. Inaongeza asidi kwenye damu, na sehemu ya ubongo iliyo juu ya uti wa mgongo ikiihisi inakulazimisha upumue.

Basi mbona watu hufia usingizini wakiwa na jiko ndani, bila hata kukohoa?

Ni kwa sababu hiyo hiyo. Julai, baridi ikikaza, jiko la makaa huingizwa ndani na dirisha hufungwa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Lakini kaboni dioksidi inaendelea kutoka mwilini kama kawaida, kwa hiyo ubongo haupati onyo. Hukabwi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu na kizunguzungu, unajilaza kidogo.

Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, maana gesi hii haiyeyuki majini kiasi cha maana. Mkianza kuumwa na kichwa wote nyumbani, tokeni nje kwanza, kisha muende hospitali.

Huko, kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kwenye damu kinaweza kuonyesha asilimia 98, kana kwamba uko salama, kwa kuwa vingi havitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Mwambie daktari waziwazi: "Tulilala na jiko ndani." Atapima damu.