Kusimamisha nusu: kumpunguza farasi mwendo bila kumvuta

Neno hatamu wengi tumelizoea kwenye siasa: aliyeshika hatamu ndiye anayetawala. Mtoto anayejifunza kupanda farasi huja na maana hiyohiyo. Farasi akiongeza kasi, naye huzikaza hatamu, zile kamba za kumwongozea farasi, kwa nguvu zake zote. Mtoto ana kilo 30, farasi ana 450 au zaidi. Kwa nguvu hamuwezi, na hahitaji nguvu.

Kusimamisha nusu ni ishara fupi: mpandaji humwambia farasi kana kwamba anataka asimame, halafu huiachia kabla hajasimama. Yote huchukua pumzi moja. Mtoto huketi wima, hutoa pumzi, uzito wake ukatulia kwenye tandiko, kisha hufumba vidole juu ya hatamu kama anayeminya embe kuona kama limeiva. Farasi akipunguza hata kidogo, vidole vinafunguka papo hapo. Asipopunguza, mtoto hungoja hatua mbili tatu, anarudia.

Kule kuachia ndiko kunakomfundisha farasi. Lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, hukaa kwenye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ufizi mwembamba uliolalia mfupa. Ukivuta bila kuachia, unamuumiza, na farasi akiumizwa hukimbia. Au huzoea, akaegemea chuma, mtoto akabaki amebeba kichwa cha farasi mikononi. Nairobi wapo farasi wa kupandwa walioanzia kwenye mbio za Ngong. Farasi wa mbio huzoea kukimbia wakiwa wameegemea lijamu, hivyo ukizikaza hatamu unawaambia waendelee. Mgiriki Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuonya kwamba farasi mwenye moto asivutwe ghafla, bali abembelezwe mpaka atulie.

Hata hivyo, mara nyingi kosa la mtoto haliko mikononi, liko miguuni. Akiogopa hujikunja mbele, magoti na visigino vikabana mbavu za farasi. Kwa farasi, kubanwa mbavu ni amri ya kwenda. Mikono inasema simama, miguu inasema nenda, na mnyama anachanganyikiwa. Kumgombeza mtoto hapo ni kumwongezea hofu, abane zaidi. Mimi napendelea aanze farasi akiwa kwenye kamba ndefu mkononi mwa mwalimu, akitembea tu, mtoto hana hatamu kabisa. Ahesabu kwa sauti au aimbe, kwa sababu anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na mwili ukipumua miguu hulegea yenyewe.

Farasi akienda matiti, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, mpandaji huinuka na kuketi kwa kufuata hatua zake. Mwambie mtoto acheleweshe kidogo kule kuketi. Farasi wengi hupunguza mdundo ili waendane naye, na mtoto anayegundua hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa waziwazi: hajagusa hatamu, na farasi amemsikia!

Duara nalo husaidia. Anzia duara pana la mita 20, ulipunguze taratibu, maana ni vigumu kwenda kasi huku unapinda. Ila farasi akiwa shoti, yaani anakimbia kasi, asikatwe kona ya ghafla, anaweza kuteleza akaanguka na mtoto juu yake.

Na kabla ya kumlaumu mtoto, mkague farasi. Tandiko linalobana mgongo, meno yenye ncha kali, nafaka nyingi na siku nyingi za kufungiwa bandani vyote humfanya akimbilie mbele. Farasi ambaye baada ya hayo yote bado anaondoka na mtoto apandwe kwanza na mtu mzima mwenye uzoefu, mtoto apewe mwingine aliye mpole.