Kwa nini Mchewa na Mtumbuka ni wapinzani Malawi lakini ni wenzi Zambia?

Jibu la haraka huwa ni kwamba wakoloni waliyakata makabila na chuki za jadi zikabaki. Kwa Wachewa na Watumbuka jibu hilo halisimami. Mpaka wa Malawi na Zambia, uliochorwa na Waingereza mwaka 1891, unafuata miinuko inayotenganisha mito iendayo Ziwa Nyasa na ile iendayo mto Luangwa. Nani anaishi wapi halikuwa swali. Kila kabila likabaki pande zote mbili, na lugha na mila zilezile. Mfalme wa Wachewa, Kalonga Gawa Undi, anakaa Zambia, na kila Agosti Wachewa wa Malawi na Msumbiji huvuka mpaka kuhudhuria sherehe yake ya Kulamba.

Uhasama ungekuwa wa asili, ungeonekana kote. Mwaka 2004 Mmarekani Daniel Posner alichapisha utafiti wa vijiji vilivyo karibu na mpaka, na akakuta wa upande wa Malawi wakisita zaidi kuoana na kabila la pili au kumpigia kura mgombea wake. Vijiji vilikuwa vinne tu, hivyo uzito uwe kwenye mwelekeo kuliko asilimia zake.

Kinachotofautiana ni ukubwa. Sensa ya Malawi ya 2018 iliwapa Wachewa takriban asilimia 34 na Watumbuka 9. Ya Zambia ya 2010, takriban 7 na 4. Kura ni kama mtaji wa kununua shamba. Mwenye theluthi ya bei hutafuta wabia wachache na hulinda fungu lake. Mwenye vijisenti hana fungu la kulinda, kwa hiyo huchanga na jirani. Ndiyo maana Zambia wote wawili husimama kama watu wa Mashariki mbele ya Wabemba wa Kaskazini.

Malawi, serikali nayo iliongeza moto. Mwaka 1968 Kamuzu Banda, rais wa wakati huo, alikifanya Kichewa lugha ya taifa, na Kitumbuka kikaondolewa redioni. Uchaguzi wa 1994 ukagawanyika kimikoa: Chakufwa Chihana akazoa Kaskazini kwa Watumbuka, Banda Kati kwa Wachewa, Bakili Muluzi Kusini, na Muluzi akaingia ikulu kwa asilimia 47 tu.

Kanuni ya ushindi ikibadilika, hesabu nayo hubadilika. Februari 2020 mahakama iliamua kwamba rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Fungu la kabila moja halikutosha tena, vyama vikaungana, na Juni mwaka huo Lazarus Chakwera, kiongozi wa chama kilekile cha Banda, akashinda kwa zaidi ya asilimia 58, Kaskazini ikiwa upande wake.