Mteja akikunja mikono, mshauri hajajua lolote bado

“Maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, 93 ni mwili na sauti.” Nimeisikia kwenye semina za ushauri nasaha, ikitajwa kama aya. Chimbuko lake ni majaribio mawili ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu walisikilizishwa neno mojamoja, kama “labda”, kwa sauti za namna mbalimbali, wengine wakaonyeshwa na picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anampenda anayeambiwa au hampendi. Basi. Hapakuwa na mazungumzo, sembuse tiba. Ingekuwa 93 kweli, tungetazama tamthilia za Kikorea bila tafsiri na tukaelewa kisa chote.

Lakini kuna punje ya ukweli humo: maneno na sauti vikipingana, tunaamini sauti. Na Kiswahili kina mitego yake hapo. “Hujambo?” “Sijambo.” Jibu umeshatayarishiwa, hata aliyefiwa husema hajambo. Mteja anaingia, anaulizwa habari za nyumbani, anasema “nzuri tuu,” hiyo “tu” ikivutwa na kushuka, vidole vikisokota ncha ya mtandio. Mshauri makini haandiki “ana huzuni.” Anasema, “Umeniambia nzuri, ila nimeona umeshusha pumzi.” Halafu ananyamaza. Jibu laweza kuwa ndoa. Laweza pia kuwa ngazi za ghorofa ya tatu.

Asiyekutazama usoni anaficha jambo? Hii ndiyo inayoumiza zaidi huku kwetu. Kijana aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa atamsikiliza mshauri aliye rika la mama yake akitazama sakafu, na hiyo ni adabu. Tena binadamu si hodari wa kunusa uongo: watafiti wa saikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 matokeo ya watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kubainisha nani anadanganya, na wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50. Na kutazamana si lazima: Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya akili kwa mazungumzo, alikaa nyuma ya kochi alilolalia mgonjwa, mgonjwa asimwone. Mwaka 1913 aliandika kuwa hawezi kustahimili kukodolewa macho saa nane kwa siku.

Na kwamba tiba ya mazungumzo haifai kwa simu, kwa kuwa mwili hauonekani? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 325 wa sonona. Waliotibiwa kwa simu waliacha matibabu kwa uchache kuliko wenzao wa ana kwa ana, na mwishoni nafuu ililingana. Ila miezi sita baadaye, wa ana kwa ana walikuwa na hali bora kiasi.

Wengi husahau kwamba mteja naye anasoma. Mtu anasimulia kifo cha mwanawe, mshauri anatupia jicho saa ya ukutani, mara moja tu, na sentensi inakatikia hapo. Ndiyo maana washauri wengi huitundika saa nyuma ya kiti cha mteja.