Cheti cha uchungaji cha mtandaoni: ninavyokikagua

Swali linalonifikia sana kutoka Tabora, Nzega na Kasulu ni hili: mtu amejaza fomu kwenye simu, muda si mrefu akatumiwa cheti kwamba yeye ni mchungaji. Kanisa limpokee? Anaweza kufungisha ndoa?

Vyeti hivi vina historia. Kirby Hensley wa Modesto, California, mwanzilishi wa Universal Life Church, alianza zamani kumpa uchungaji yeyote aliyeomba, bila masomo wala usaili. Intaneti iliongeza kasi tu. Marekani serikali haiamui nani ni mchungaji, kwa hiyo cheti chenyewe si cha kughushi. Hata hivyo, huko nako kinabishaniwa: mwaka 2019 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kuwazuia waliowekwa wakfu mtandaoni wasifungishe ndoa, na mzozo ukaenda mahakamani.

Kwetu Tanzania, uchungaji na mamlaka ya kufungisha ndoa ni vitu viwili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka kiongozi wa dini awe na leseni, na leseni hiyo inatoka RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, si kwenye tovuti ya ng'ambo. Nao wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na siku ya ndoa wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Maharusi wasiojua kwamba mfungishaji hana mamlaka sheria inawahurumia. Wakijua wote wawili na kukubali, ndoa ni batili. Ubaya ni kwamba jambo hili halionekani siku ya sherehe. Huibuka miaka mingi baadaye, kwenye mirathi au mafao, mjane anapoambiwa alete cheti cha ndoa.

Nikiletewa cheti cha uchungaji, muhuri wa dhahabu sihangaiki nao. Natafuta mahali ibada ilipofanyika, tarehe, na majina ya waliomwekea mikono. Vingi vya mtandaoni vina jina, tarehe na namba basi. Mahali hapatajwi, mikono ya nani haijulikani. Kisha nauliza swali ninaloliamini kuliko yote: mtu huyu akila sadaka au akiharibu nyumba ya mwenzake, nani atamvua uchungaji? Kama hakuna askofu, mwangalizi wala baraza la wazee la kumwita, basi hicho cheti hakina mdhamini.

Urefu wa masomo peke yake haunitoshi. Katoliki wanadai angalau miaka sita ya falsafa na theolojia, ndiyo vijana wanakaa muda mrefu seminari ya Kipalapala; halafu ushemasi walau miezi sita, na upadre si kabla ya umri wa miaka 25. Makanisa mengi ya Kipentekoste yanafupisha darasa, lakini mtu ameonekana akihubiri, akizika, akitunza fedha za kanisa mbele ya watu wanaomfahamu. Njia zote mbili zina macho yanayomtazama. Fomu ya simu haina. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka, na sioni namna ya kulikwepa onyo hilo.

Tusichanganye, lakini, na kusoma kwa mtandao. Mwinjilisti wa Uvinza asiyeweza kuacha shamba na watoto akisoma theolojia kwa simu, anafanya vizuri sana, mradi chuo kinatambulika. Akidai digrii ya nje, aipeleke TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ihakikiwe kabla kanisa halijamtangaza.

Na aliyekwisha kupata cheti cha mtandaoni, huku wito wake ni wa kweli? Nawashauri wazee wasimfukuze. Wamwombe barua ya kanisa alikotoka, wampe eneo la kuhudumu chini ya mchungaji mwenye leseni, na wamwangalie walau mwaka mzima. Katika muda huo afundishe, atembelee wagonjwa, ila ndoa na sakramenti asiziguse. Wakiridhika, ndipo dhehebu limwekee mikono upya hadharani, kisha lenyewe limwombee leseni RITA.