Je, wajua kwa nini dawa ya sonona hutolewa kwa miguu inayowaka moto?

Mgonjwa wa kisukari anakwenda kliniki akilalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, anaandikiwa vidonge vya amitriptilini. Akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, anakuta ni dawa ya sonona. Wengi huishia hapo hapo: wanadhani daktari amewaona wana ugonjwa wa akili, au aliyetoa dawa kakosea, na vidonge vinabaki kabatini. Hakuna aliyekosea.

Amitriptilini ni ya kundi la dawa liitwalo traisaikliki, ambazo molekuli zake zina pete tatu zilizoungana. Ya kwanza kutumika ilikuwa imipramini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo), haikuwafaa, lakini daktari wa akili Roland Kuhn wa Uswisi akaona inawainua wagonjwa wa sonona, akatangaza matokeo yake mwaka 1957. Amitriptilini ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye madaktari waligundua kwamba inatuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu, kama haya ya nyayo za mgonjwa wa kisukari, hata kwa mtu asiye na sonona kabisa.

Inatuliza vipi? Taarifa ya maumivu hupanda kutoka mguuni hadi kwenye uti wa mgongo, kisha ubongoni. Ubongo nao hushusha amri ya kuipunguza, na amri hiyo hupitishwa kwa kemikali mbili, serotonini na noradrenalini. Kwa kawaida kemikali hizi zikishamwagwa kati ya seli na seli hufyonzwa upesi na kurudishwa zilikotoka. Amitriptilini huziba njia ya kufyonza, kwa hiyo kemikali zinakaa muda mrefu zaidi na breki inashika vizuri zaidi. Dawa hii huziba pia vijitundu vya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, vile ambavyo mshipa ulioharibika huvitumia kurusha taarifa za uongo za kuungua na kuchomwa sindano. Parasetamoli kwa kawaida haisaidii sana maumivu ya aina hii, ndiyo sababu mtu humeza nyingi bila nafuu. Matumizi mengine ni maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kuzuia kipandauso kinachorudi mara kwa mara, na wakati mwingine mtoto anayekojoa kitandani pale njia nyingine zinaposhindikana.

Dozi ndiyo inayotofautisha matibabu haya. Kwa maumivu, mtu mzima huanza na miligramu 10 usiku, kisha huongezwa kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa, kwa kawaida bila kuvuka 75 kwa siku. Kwa sonona dozi huweza kufika 150. Kidonge humezwa kizima kwa maji, saa moja au mbili kabla ya kulala. Anayeamka na kichwa kizito akimeze mapema zaidi, mathalani saa mbili usiku. Dawa hukaa mwilini zaidi ya saa 24, kwa hiyo kidonge cha saa sita usiku kitamfuata mtu hadi barabarani asubuhi, na mwenye usingizi wa namna hiyo asiendeshe gari wala mashine.

Wengi hukwama katika wiki ya kwanza. Maudhi madogo madogo huanza siku ile ile, ilhali nafuu ya maumivu huchukua wiki moja hadi mbili kuonekana na huweza kuhitaji wiki sita au nane kukamilika. Anayeacha siku ya tano amelipa gharama yote bila kuonja faida. Dawa huzuia pia asetilikolini, kemikali inayoendesha mate, utumbo na kibofu, kwa hiyo mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu na mkojo hutoka kwa shida. Kunywa maji kidogo kidogo na kutafuna bigijii isiyo na sukari husaidia mdomo. Meno nayo yapigwe mswaki kwa bidii, maana bila mate huoza haraka. Kushindwa kabisa kukojoa si jambo la kuvumilia nyumbani, ni safari ya hospitali. Kwa kuzuia histamini, kemikali inayomweka mtu macho, dawa huleta usingizi na kuongeza uzito.

Presha nayo hushuka mtu anaposimama ghafla. Anayeamka usiku kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, dakika moja hivi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Wazee wanahitaji uangalizi zaidi kwa sababu ya kuanguka na kuchanganyikiwa.

Kabla ya kuandikiwa, mwambie daktari kama umewahi kupata shambulio la moyo, mapigo yasiyo ya kawaida, glaukoma (presha ya macho), kuvimba kwa tezi dume, kifafa au baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Taja kila dawa unayotumia. Tramadoli, dawa ya maumivu makali, ikikutana na amitriptilini huongeza hatari ya degedege na ya serotonini kuzidi mwilini. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu. Pombe huzidisha usingizi. Vijana wa chini ya miaka 25 wanaotibiwa sonona wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Jambo la kutisha kuliko yote ni dozi iliyozidi. Vijitundu vya sodiamu vilivyozibwa mguuni vipo pia moyoni. Kwa wingi, dawa huchelewesha umeme wa moyo, presha huporomoka, degedege huanza, na mtu anayeongea vizuri sasa hivi anaweza kuwa hajitambui baada ya muda mfupi. Hospitalini hupimwa umeme wa moyo na kupewa sodiamu baikaboneti kwa mshipa. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, kwa hiyo vifungiwe, visiachwe kwenye mkoba wala juu ya meza. Aliyemeza kupita kiasi apelekwe mara moja, hata kama haonyeshi dalili yoyote.

Ukisahau dozi ya usiku ukakumbuka asubuhi, iache, umeze ya usiku unaofuata kama kawaida bila kuongeza mara mbili. Na ukitaka kuiacha baada ya kuitumia kwa wiki nyingi, daktari atakupunguzia taratibu, mara nyingi kwa takriban wiki nne. Kuikata ghafla huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho na kukosa usingizi, dalili ambazo wengi hudhani ni ugonjwa umerudi.