Antwerp na mkono wa jitu

Ukifika uwanja wa Grote Markt mjini Antwerp, Ubelgiji, utaona sanamu ya kijana aliye karibu uchi, amejipinda kurusha mkono uliokatwa. Maji yanachuruzika na kupotea katikati ya mawe. Ni kazi ya Jef Lambeaux, ya mwaka 1887.

Wenyeji watakuhadithia. Jitu Antigoon lilitoza ushuru vyombo vilivyopita mto Scheldt, na nahodha asiyelipa lilimkata mkono. Brabo, askari wa Kirumi, akalikata jitu mkono wake na kuutupa mtoni. Kwa Kiholanzi *hand* ni mkono, *werpen* ni kutupa, basi jina likapatikana.

Hadithi tamu, ila jina halikutoka huko. Kwenye hati za zamani za Kilatini halianzi na H, na hizo ni za karne nyingi kabla ya kisa cha jitu kuandikwa. Wataalamu wengi huegemea maelezo makavu zaidi: mto unapopiga kona hutupa mchanga na tope, na tuta hilo ndilo lililokaliwa na watu. Kutupa kupo kweli, ila mtupaji ni mto.

Kwetu mikono iliyokatwa hukumbusha Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambayo mpira na pembe zake za ndovu vilishushwa bandari hii hii. Kwa hiyo wapo wanaodhani mikono ya kwenye nembo ya mji ilitokana na ukatili ule. Hapana, nembo imemtangulia Leopold kwa karne kadhaa.