Cheti cha afya kwa majengo mengi: tazameni kwanza lililo hoi

Mwenye jengo moja akitaka cheti cha afya, yaani uthibitisho kwamba jengo linajali afya ya waliomo, kazi yake si ngumu sana. Anasoma masharti, anapiga hesabu, anaamua. Mwenye majengo kumi na mawili ana kazi tofauti kabisa. Mfuko wa pensheni wa hapa Kenya unaweza kuwa na mnara mpya Upper Hill, jengo la miaka ya sabini katikati ya Nairobi, ofisi Mombasa na nyingine Kisumu. Kila moja lina hali ya hewa yake, mabomba yake na wapangaji wake. Hata hivyo bodi za wakurugenzi huniletea swali lilelile: tuchukue WELL au Fitwel, mifumo miwili inayotoa vyeti hivyo? Huwa nawaomba tuliweke kando kidogo, kwanza tujue ni jengo lipi linaloumiza watu.

Jambo moja liwe wazi mapema. Wengi huniambia wana EDGE tayari, kwa hiyo afya wameshaishughulikia. EDGE, cheti cha majengo ya kijani cha IFC, tawi la Benki ya Dunia, ni mfumo mzuri, lakini unadai jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Mapafu ya karani aliyeketi ghorofa ya tatu si swali lake kuu. Jengo linaweza kubana umeme vizuri na watu wake wakaugua.

Mimi huyagawa majengo kwa namna yanavyopata hewa, siangalii umri wala thamani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huruhusu ofisi nyingi kutegemea madirisha. Shida ya huko ni kile kinachoingia: moshi wa dizeli na vumbi la barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, lilishusha kiwango cha chembe laini za hewani, PM2.5, hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Ofisi ya Nairobi inayotazama barabara ya Mombasa Road, madirisha wazi saa za foleni, haiwezi kutarajia kuifikia 5 bila kubadilisha inakochukulia hewa.

Mombasa mambo hugeuka. Joto na unyevu hufunga madirisha, na AC za ukutani hunguruma mchana kutwa. AC za aina hiyo, kwa kawaida, huchukua hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Hewa ya nje haiingii. Watu hufurahia ubaridi, kisha mkutano wa saa mbili ukiisha wanatoka na vichwa vizito. Ukiweka kipimo cha kabonidayoksaidi utaelewa: nje ni kama ppm (sehemu kwa milioni) 420, na ndani ya chumba kilichojaa watu si ajabu kukuta 2,000. Lalamiko likifika kwa msimamizi wa jengo anaita fundi, fundi anaongeza gesi, chumba kinazidi kuwa baridi na watu wanaendelea kusinzia. Kinachohitajika ni feni ya kuingiza hewa ya nje yenye chujio, au walau utaratibu wa kufungua madirisha kati ya kikao na kikao. Hakuna cheti kitakacholeta feni hiyo chenyewe. Lakini upo utaratibu wa cheti unaokulazimisha kuona kwamba haipo, na upo usiokulazimisha.

Hapo ndipo tofauti za mifumo zinapokuwa na maana. WELL, iliyozinduliwa 2014, ina mada kumi katika toleo lake la pili, kuanzia hewa na maji hadi sauti na afya ya akili. Ina masharti ya lazima yasiyokwepeka, na mpimaji wa nje huja kuthibitisha kwa vifaa. Alama 40 ni shaba, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Fitwel ina asili nyingine: ilibuniwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, pamoja na GSA, taasisi inayosimamia majengo ya serikali kuu ya Marekani, kisha ikafunguliwa kwa umma 2017. Yaani ilizaliwa mikononi mwa mwenye majengo mengi, na inaonekana. Ni nyepesi kwa nyaraka, na ina fomu maalumu kwa jengo lenye wapangaji wengi ambamo mwenye nyumba hadhibiti yaliyomo ofisini mwao. Katika toleo lililotumika kwa miaka mingi, nyota moja ilianza kwa alama 90 kati ya 144, bila sharti hata moja la lazima. Faida yake ni kwamba jengo kuukuu halikatishwi tamaa mlangoni. Hatari yake ni kwamba unaweza kukusanya alama za ngazi, bustani na chakula huku hewa ya chumba cha mikutano ikibaki ilivyo.

WELL nayo ina njia ya kuandikisha majengo yote kwa pamoja kwa ada ya mwaka. Sera ya kampuni nzima, kwa mfano likizo ya uzazi au kutovuta sigara, inawasilishwa mara moja na kuhesabiwa kila mahali inapotumika. Naipenda, kwa sababu inaokoa kazi ya kurudia makaratasi. Ninachokihofia ni alama ya jumla. Mnara wa Upper Hill utaipandisha, jengo kuukuu la mjini litajificha chini yake, na ripoti ya mwaka itapendeza. Wastani haumsaidii anayefanya kazi katika jengo baya. Kwa hiyo namtaka kila mteja achapishe alama ya jengo lililo chini kabisa kando ya ile ya jumla, hata kama mfumo haumdai.

Ushauri wangu kwa mfuko kama huo ni huu. Vipimo vya hewa vya kudumu viwekwe katika majengo yote kabla ya kulipa ada yoyote. RESET Air, cheti kingine cha ubora wa hewa ya ndani, imejengwa juu ya wazo hilo la kupima bila kukoma, lakini kiwango chake cha kawaida cha PM2.5 ni chini ya maikrogramu 35, legevu mno kwangu. Kile cha juu, chini ya 12, ndicho cha kulenga. Maji yapimwe kila tangi la paani, na floridi isisahauliwe: visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ilhali kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Chukueni pia ripoti za ukaguzi wa usalama na afya, ambao sheria ya Kenya ya 2007 inaudai kila mwaka. Mara nyingi zimelala kabatini na nusu ya nyaraka mnazotafuta zimo humo.

Mkishapata picha hiyo, majengo yenye wapangaji wengi yapelekwe Fitwel. Mnakokaa wenyewe, mkiwa na mamlaka juu ya hewa, chakula na sera za kazi, ingieni WELL kwa pamoja, halafu jengo moja au mawili yatafute cheti kamili. Bajeti ya mwaka wa kwanza iende kwenye jengo lililo hoi, hata kama halitapata nyota yoyote. Mikataba mipya ya upangaji iwe na kifungu kinachompa mpangaji haki ya kuona vipimo vya hewa vya ghorofa yake siku yoyote. Wanasheria watasita, maana namba mbaya ikionekana mpangaji ataomba kodi ipunguzwe. Kifungu hicho msikiondoe.